Ndoo ya Zedekiah

Ndoo iliyosemwa kuwa na sumu ilikuwa na viluwiluwi ndani yake, na viluwiluwi walikuwa wazima.

Inspekta Namalwa aliinama akaitazama tena, maana jambo lenyewe halikuwa la kuamini kwa mtazamo mmoja. Ilikuwa ndoo ya plastiki, ya aina ile inayonunuliwa ikiwa na rangi ya ukuta, kisha ikaishi maisha yake yote ikichotea maji. Iliwekwa kwenye kona ya chumba cha vielelezo hapo kituoni, imefunikwa kwa karatasi ya nailoni na kubandikwa maandishi: NDOO YA SUMU. Chini kabisa palikuwa na maji machache ya kijani. Humo ndani watoto wa vyura walikuwa wakichezesha mikia yao bila wasiwasi wowote.

"Kinyanjui," aliita. "Nani aliandika hapa neno sumu?"

Konstebo Kinyanjui alikuwa amesimama mlangoni na chai yake. Alisema ni yeye, kwa sababu ndivyo wananchi walivyomwambia.

"Na kwa nini hukumwaga hayo maji?"

"Niliogopa, madam. Si ni sumu."

Namalwa angecheka kama kungekuwa na la kuchekesha. Zedekiah, mtunzaji wa bwawa la samaki la kikundi cha akina mama wa Waithaka, alikuwa amepigwa Jumamosi asubuhi mpaka akafa, kando ya bwawa lilelile alilolitunza. Watu walimwona kwa macho yao akimwaga kitu kwa ndoo ndani ya maji huku samaki wakielea matumbo juu. Kuua samaki peke yake kusingemtoa mtu roho. Lakini samaki wale walikuwa wa watoto. Akina mama waliwakausha, wakawasaga, na unga wake ukatiwa kwenye uji wa watoto wa kliniki ya mtaa, wale waliovimba miguu na nywele kugeuka rangi ya vumbi kwa kukosa chakula cha kujenga mwili. Watoto walianza kupona na mtaa mzima ukaona. Basi aliyeua samaki alihesabiwa muuaji wa watoto, na muuaji wa watoto Nairobi haimpeleki kwa hakimu.

Mkuu wa kituo alitaka faili lifungwe jioni hiyo. Tayari alikuwa amemchagulia Namalwa maneno ya kuandika: ameuawa na kundi la watu wasiojulikana. Maneno hayo yamezika watu wengi katika jiji hili kuliko sepetu, na Namalwa alikuwa ameyaandika mara nyingi kiasi kwamba mkono wake uliyajua wenyewe.

Nje kwenye benchi alikaa Peres, mjane wa Zedekiah, na kitambaa cheusi kichwani. Hakuwa akilia. Gari la kuchukua maiti lilikuwa liondoke kesho alfajiri kwenda kwao Siaya, na wazee wa ukoo walikuwa wamemtumia neno. Mtu aliyetia sumu chakula cha watoto hatalala ndani ya boma. Atazikwa nje ya ua, bila matanga, na jina lake halitapewa mtoto yeyote atakayezaliwa. Peres alikuja kituoni kuuliza swali moja tu, kama mumewe alikuwa mtu wa namna hiyo, na tangu Jumatatu hakuna aliyekuwa na muda wa kumjibu.

Namalwa alivuta kielelezo cha pili. Kilikuwa chupa ya dawa ya wadudu, iliyotolewa kwenye kibanda cha Zedekiah na mwenyekiti wa kikundi, Everlyn, akaikabidhi kwa polisi baada ya mtu kuwa ameshakufa. Alijaribu kuifungua. Kifuniko kilikuwa kimeshikana na chupa kwa kutu na uchafu, na utando wa buibui ulikuwa umejengwa kutoka shingoni mpaka kwenye karatasi ya maelezo. Buibui hajengi nyumba kwa asubuhi moja.

"Hii ni ya kunyunyizia mboga, sukuma wiki," alisema, "na hata sukuma hazijaionja siku nyingi. Ulijaribu kuifungua?"

Kinyanjui aliangalia chai yake.

Lililobaki lilikuwa simu ya marehemu. Mtu wa mwisho kuzungumza naye asubuhi ile alikuwa Gurcharan Singh, mfanyabiashara wa pampu mwenye duka mjini na nyumba Spring Valley. Huyo alijulikana Waithaka. Wiki iliyotangulia alisikika akigombana na akina mama hapo bwawani kwa kunyimwa samaki, akiwaambia watajuta. Hapo ndipo Namalwa alipokuwa ametia tumaini lake lote. Tajiri aliyenyimwa samaki, maskini aliyetumwa, ndoo, sumu: kesi imejipanga yenyewe. Sasa viluwiluwi walikuwa wamekula nguzo moja ya kesi hiyo. Hata hivyo alichukua funguo za gari, na alipopita kwenye benchi akamwambia Peres apande nyuma.

* * *

Gurcharan aliwapokea bustanini. Alikuwa mzee wa kilemba cheupe na ndevu zilizotunzwa, mwenye mikono ya fundi ambayo utajiri haukufanikiwa kuilainisha. Nyuma yake palikuwa na kidimbwi cha mawe, na ndani yake samaki wekundu na weupe, wanene, wakizunguka polepole. Pampu ndogo ilinguruma pembeni. Karibu nayo palikuwa na jenereta, isije stima ikapotea samaki hao wakapata shida. Peres alibaki garini huku vioo vimeteremshwa.

"Hawa wanaliwa na nani?" Namalwa aliuliza.

"Hakuna mtu anakula hawa, madam. Ni wa kuangalia tu. Zedekiah ndiye alikuwa anakuja kuosha hapa."

Namalwa alimeza uchungu wake, akauliza kuhusu ule ugomvi. Gurcharan hakukana. Alitaka kununua samaki wakubwa wote, wakatwe minofu kwa ajili ya hoteli za upande huu, na kina mama wabaki na mgongo wazi, yaani ile mifupa na vichwa, wakasagie watoto. Everlyn alimjibu mbele ya watu kwamba watoto wa Waithaka nao wana meno ya kula nyama. Aliposema watajuta alikuwa na maana kwamba samaki waliojazana vile kwenye bwawa dogo ni hatari, bora wauzwe mapema. Namalwa alimwacha amalize.

"Zedekiah alikupigia simu asubuhi ile."

"Alinipigia."

"Ulimtuma afanye nini?"

Kinyanjui, aliyekuwa akitazama samaki, aligeuka.

"Nilimtuma abebe ndoo," Gurcharan alisema.

Mkono wa Kinyanjui ulienda kwenye pingu. Namalwa naye, kwa kitambo kifupi, aliamini kazi imekwisha. Kisha aliona kwamba mzee wa watu alikuwa akilia, bila sauti, machozi yakipotea ndevuni.

"Amesema, Singh, samaki wamekuja juu wote, midomo wazi, wakubwa wameanza kulala ubavu. Nikamwambia hiyo ni hewa, maji imeishiwa hewa. Chukua ndoo, chota maji, inua juu kabisa, mwaga. Chota, mwaga. Maji ikianguka kutoka juu inaingia na hewa. Ita watu wakusaidie. Usiache mpaka jua itoke." Alijifuta kwa kiganja. "Nimewafundisha watu wengi hiyo kitu, madam. Hakuna mtu alishawahi kuuawa juu yake."

Namalwa alikuwa akiiona asubuhi ile upya: mtu mmoja amelowa hadi kifuani, anachota, anainua, anamwaga, na mlangoni mwa kanisa la jirani wanatokea watu wasiojua anafanya nini.

Aliuliza kwa nini hewa iishe ilhali bwawa lina pampu. Gurcharan akamweleza kama anayemweleza mteja. Bwawa lenye samaki wengi ni kama chumba kimoja kilicholala watu wengi, na pampu ndiyo dirisha. Ule ukijani wa majini hutoa hewa mchana jua likiwaka, lakini usiku nao unavuta hewa kama samaki. Kwa hivyo mchana unaweza kuzima pampu saa kadhaa na hakuna litakaloharibika. Usiku ukiizima, karibu na alfajiri samaki watakufa, wakubwa kwanza. Vifaranga watapona kwa sababu hewa kidogo ya juujuu inawatosha. Viluwiluwi pia. Sumu ndiyo haichagui mkubwa wala mdogo.

"Vifaranga walipona," Namalwa alisema. Alikuwa amewaona mwenyewe, kwenye kile kizimba cha wavu pembeni mwa bwawa, na hakuelewa alichokiona. "Lakini pampu ilikuwa inazunguka. Kila shahidi amesema hivyo."

"Hata yeye alisema inazunguka. Hapo ndipo nilishtuka. Nikamwambia weka mkono kwa motor. Akaweka. Akaniambia Singh, ni baridi kama jiwe." Gurcharan alielekeza pampu yake. "Gusa hii."

Namalwa aligusa, akautoa mkono haraka. Motor iliyokesha ikizunguka ilikuwa ya moto.

Basi kuna mtu aliyeizima usiku na kuirudisha karibu na mapambazuko, kabla Zedekiah hajafika. Zedekiah mwenyewe usiku ule alikuwa akilinda nyumba Jamhuri, kazi yake ya pili, na mwenye nyumba hiyo alikuwa ameshathibitisha kwamba hakubanduka getini.

"Mzee, mambo haya yote umekaa nayo kwa nini?"

"Mimi ni Muhindi, madam. Nimegombana na hao wamama mbele ya watu. Mtu wa mwisho kuongea na marehemu ni mimi. Kama wewe ungekuwa mimi, ungekuja polisi?"

"Ningekuja."

"Wewe ungekuja kazini kwako," alisema Gurcharan.

Jibu hilo lilimuudhi Namalwa. Waliporudi garini walimkuta Peres amekaa vilevile, mikono mapajani. Alikuwa amesikia yote.

"Hiyo ya ndoo aliwahi kunionyesha," alisema. "Nyumbani, na maji ya kuoga ya mtoto. Mimi nikamwambia aache kumwaga maji, maji yananunuliwa."

* * *

Bwawa la akina mama lilikuwa nyuma ya kanisa la mabati, vyote vikitumia kiwanja kimoja na mita moja ya stima. Sanduku la swichi lilipigiliwa kwenye ukuta wa kanisa na kufungwa kwa kufuli. Funguo zilikuwa mbili. Moja ilipatikana mfukoni mwa Zedekiah. Nyingine ilikuwa shingoni mwa Everlyn, imening'inia kwenye uzi mwekundu, na hakuivua hata kanisani.

Everlyn alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa, na si haki kusema alikuwa mtu mbaya. Ni yeye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia akina mama waliotoka upande wa mlimani, ambao wazazi wao hawakuwahi kumweka samaki mdomoni na walimwita ndugu wa nyoka, kwamba unga huu utawasimamisha watoto wao. Alikula yeye kwanza mbele yao. Mjukuu wake mwenyewe alitembea kwa uji ule. Siku hiyo alikuwa na wenzake kadhaa wakisawazisha udongo juu ya shimo kubwa pembeni mwa uzio, mahali samaki waliokufa walipozikwa wakiwa wamemwagiwa chokaa.

Namalwa alilitazama shimo lile na moyo ukamuuma. Samaki aliyekosa hewa ni samaki kama wengine. Angekaushwa asubuhi ileile angelisha watoto wa kliniki miezi. Chakula chote hicho kilifukiwa kwa sababu ya neno.

Hakuuliza kuhusu sumu. Aliuliza kuhusu kesha. Ijumaa ile usiku, kama kila mtu alivyokwisha kueleza, kikundi na kanisa walikesha wakiomba ili Mungu abariki mavuno, kwa kuwa Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kuvua na wageni walialikwa. Pasta Lenox, kijana mwembamba wa suti, alikuwapo akifunga nyaya zake. Namalwa alimuuliza kama stima ilisumbua usiku huo.

"Hapana, afande. Mungu alitutendea. Haikupotea hata mara moja, mpaka asubuhi."

"Na vyombo mlitumia vyote?"

"Vyote. Kinanda, spika zote mbili. Hadi Kabiria walitusikia."

"Ningependa kusikia hata mimi," Namalwa alisema. "Washa vile mlivyowasha siku hiyo."

Everlyn aliacha jembe. Alisema kinanda kimeharibika. Pasta alimtazama kwa mshangao, akasema hakina neno, amekipiga Jumapili. Everlyn akasema basi ni heshima gani kupiga muziki mahali mtu amefia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumamosi kwa yeyote wa pale kutaja heshima ya Zedekiah, na wenzake walimgeukia.

"Washa, Pasta," Namalwa alisema.

Pasta Lenox alivuta spika, akaunganisha nyaya, akaweka vidole kwenye kinanda. Kisha, bila kuwaza lolote, kama mtu anavyosema karibu mgeni anapobisha, alimgeukia Everlyn.

"Mama, chomoa pampu kwanza."

Everlyn hakusogea.

"Kwa nini achomoe?" Namalwa aliuliza, kwa upole.

"Haziwezi zikaenda pamoja, afande. Stima itaruka. Kila Jumapili mama anachomoa pampu, tukimaliza ibada anarudisha. Ni kawaida yetu." Kijana alitabasamu, kisha tabasamu likamwishia usoni polepole, kuanzia machoni.

"Leo msichomoe. Washa hivyohivyo."

Spika zilikohoa, kinanda kikatoa sauti moja, na ndani ya sanduku kitu kikaruka kwa kishindo kidogo. Kila kitu kikafa. Pampu nayo ilizunguka kwa uvivu, ikanyamaza. Katika ukimya huo walisikia maji ya bwawa yakitulia, povu likipasuka mojamoja, na hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Stima ambayo haikupotea usiku kucha, na spika zilizosikika hadi Kabiria, zilikuwa na maana moja tu.

"Ijumaa nani alichomoa?" Namalwa aliuliza.

Pasta aliangalia viatu vyake. Akina mama waliangalia uzi mwekundu.

Everlyn aliketi juu ya udongo wa shimo. Namalwa alichuchumaa mbele yake. Alikuwa na hasira nyingi, lakini alijua kwamba mtu anayeanguka hasukumwi.

"Kila Jumapili tunachomoa," Everlyn alisema. "Kila Jumapili. Hakuna samaki hata mmoja alishawahi kufa."

"Mchana."

"Mchana ama usiku, maji si ni yaleyale?"

"Zedekiah hakukwambia?"

"Aliniambia. Alisema usiku msichomoe. Mimi nikadhani ni vile yeye si wa kanisa letu. Nikadhani anapinga maombi." Alishika uzi wa shingoni akaupotoa kidoleni. "Tulikuwa tunawaombea hao samaki, afande. Usiku mzima. Nimewaombea mpaka sauti ikaisha."

Yaliyobaki yalitoka yenyewe. Karibu na mapambazuko alitoka nje kujinyoosha, akaona midomo imejaa juu ya maji, mingine imeshanyamaza. Alijua papo hapo. Aliwaambia wenzake wazime vyombo, waombe kwa sauti zao tupu, akarudisha waya wa pampu, akafunga sanduku, akaingia ndani, akapiga magoti na kuendelea kuomba, akingoja Mungu arekebishe alichoharibu yeye. Kisha akawaambia kesha imetosha. Walipotoka nje walimkuta Zedekiah ndani ya maji na ndoo mkononi, na mtu mmoja, hakumbuki nani, akapiga kelele kuuliza nani ameua samaki.

"Ukasema nini?"

"Sikusema sumu. Mimi neno sumu sikulitamka."

"Ulisema nini, mama?"

"Nilisema, si mnamwona anamwaga."

Mmoja wa wale akina mama alianza kulia, mwingine akamnyamazisha kwa kiwiko. Namalwa alisimama akawatazama wote. Aliwauliza nani alikuwa wa kwanza kushika mti wa kumpigia. Aliuliza tena, sasa kwa kuwataja majina, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja aliitazama mikono yake kama kitu alichoazimwa. Watu wasiojulikana walikuwa wamesimama mbele yake na leso viunoni, na alijua hata watoto wao wanasoma shule gani.

"Na chupa ya dawa?" alimuuliza Everlyn. "Uliitoa kibandani mwenyewe."

"Alikuwa ameshakufa. Nikaona nisipoitoa, watauliza."

"Na samaki uliacha wazikwe, ukijua wanalika."

Everlyn alijifunika uso kwa khanga. Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kwake yeye mjukuu alikuwa wa kweli, na kuanzia wiki ijayo uji wa kliniki ungekuwa wa mahindi matupu.

Mlango wa gari ulifungwa. Peres alikuwa amekuja kwa miguu yake, hakuna aliyemwita. Akina mama walimpisha bila kumtazama. Walikuwa wakimjua vizuri. Wengine waliwahi kumbebea mtoto. Alisimama juu ya Everlyn, na Kinyanjui akasogea, kwa kuogopa vita, lakini Namalwa alimzuia kwa mkono.

"Chairlady," Peres alisema. "Mlipokuwa mnampiga, alikuwa anasema nini?"

"Peres, nisamehe. Nimekosa. Kwa jina la Yesu nisamehe."

"Sijakuuliza hiyo. Nimeuliza alikuwa anasema nini."

Ilionekana kwamba kati ya yote aliyoyasema siku hiyo, hili ndilo Everlyn alilotaka kufa nalo.

"Alikuwa anasema tuchukue ndoo," alisema. "Alisema, chukueni ndoo, njooni tumwage. Hakuomba tumwache. Alikuwa anatuita tumsaidie. Hata alipoanguka, alikuwa bado anasema ndoo, ndoo."

Kinyanjui aligeuka akatazama ukuta. Namalwa alikuwa ameandika maungamo mengi maishani mwake, na hilo hakuweza kuliandika papo hapo. Alisimama tu, kalamu mkononi, akiwachukia wote na kumhurumia yule aliyewaongoza, na kujichukia yeye kwa huruma hiyo. Kisha alimwambia Everlyn ainuke, akamweleza kwamba anakamatwa, na kwa nini. Mwanamke hakubisha. Alinyoosha mikono mwenyewe. Namalwa aliwaambia wengine kwamba atarudi kwa kila mmoja wao, hata mkuu wa kituo asipotaka. Baadhi yao walimwamini. Yeye mwenyewe hakuwa na hakika, maana alimjua mkuu wake.

"Andika upya ile karatasi ya ndoo," alimwambia Kinyanjui.

"Niandike nini, madam?"

"Andika maji."

Peres alikuwa hajaondoka. Aliuliza kama kesho anaweza kuwaambia wazee hayo aliyoyasikia. Namalwa alisema anaweza, na kwamba yeye mwenyewe atawapigia simu usiku huu, awaambie kwa kinywa chake kwamba mtoto wao alikufa akiwa kazini. Peres alitikisa kichwa kukubali. Namalwa alitaka kuongeza pole, lakini aliliona neno lenyewe limekuwa dogo.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya kanisa. Kwenye kizimba cha wavu vifaranga walikuwa wameanza kuja juu, vinywa vidogo vikigusa ngozi ya maji. Hakuna aliyekuwa ameikumbuka pampu. Peres aliwatazama kwa muda. Kisha alimwendea Everlyn, aliyekuwa amesimama na pingu mikononi kati ya Namalwa na Kinyanjui, akakinga kiganja chini ya kidevu cha mwenzake. Everlyn aliinamisha kichwa, na Peres akamvua uzi mwekundu shingoni.

Alichomoa waya wa spika akautupa chini, akafungua sanduku, akairudisha swichi iliyoruka. Pampu ilikohoa, ikashika, ikaanza kurusha maji. Peres aliweka mkono juu ya motor akangoja kidogo, kama mumewe alivyokuwa akingoja, mpaka alipohisi inaanza kupata joto. Alifunga sanduku. Ufunguo alimkabidhi mama aliyekuwa karibu, yule aliyekuwa akilia.

"Usiku msichomoe," alisema, akarudi garini.